Fallout: New Vegas kwa macho ya mtu wa visima

Wachezaji wengi wakiisifu Fallout: New Vegas huanza na bunduki, kasino na wale wababe wanaovaa kama askari wa Roma ya kale. Mimi ni mtu wa maji ya chini ya ardhi. Riziki yangu ni kupima visima hapa Dar es Salaam: Mbagala, Kigamboni na Mbezi. Kwa hiyo nilipoachiwa jangwa la Mojave nizurure nitakavyo, nilianza kutafuta maji yanakotoka. Nasema bila aibu: hili gemu ni la maji kuliko la risasi.

Lilitoka 2010. Dunia yake iliteketezwa kwa nyuklia mwaka 2077, na wewe unaingia 2281. Mataifa mapya yanagombea bwawa la Hoover, bwawa la kweli lililokamilika 1936 kwenye mto Colorado, na Ziwa Mead lililoko nyuma yake ndilo linaloinywesha Las Vegas hadi leo. Ukiwasha hali ngumu ya kucheza, kiu inaua. Halafu ukiinamia sinki bovu au dimbwi, kipimo cha mkononi kinaanza kutatarika: mionzi.

Hapo kidogo nakunja uso. Sesiamu-137, mojawapo ya masalia mabaya ya mabomu ya nyuklia, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Kutoka 2077 hadi 2281 ni miaka 204, yaani imepungua kwa nusu karibu mara saba, na kilichobaki hakifiki sehemu moja ya mia. Tena sesiamu hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi, haisafiri na maji kirahisi. Dimbwi la kawaida lisingepaswa kupiga kelele namna ile baada ya karne mbili.

Ila kuna misheni moja waliyoipatia barabara. Kwenye mashamba ya Jamhuri Mpya ya California, nje kidogo ya Vegas, mazao yanadhoofika kwa sababu maji ya umwagiliaji yameingia mionzi. Shambani hakuna cha kurekebisha. Unakwenda kituo cha pampu cha mashariki, unasoma kompyuta, unagundua uchafu unatoka Vault 34, handaki ambalo kinu chake cha nyuklia kimeharibika na bado kinavuja. Chanzo kipo hai, ndiyo maana miaka 204 haijasaidia kitu.

Misheni hiyo naifanya uswahilini kila mara, bila nyuklia. Mwenye nyumba anakuita: kisima kilikuwa kizuri, sasa watu wanakilalamikia. Ameshamwaga klorini, ameshaosha tangi. Unachota, maji ni meupe, hayana harufu, ukionja ni matamu kabisa. Unachovya karatasi ya kupimia naitreti, uchafu usioonekana unaotokana na kinyesi na mkojo, unasubiri kidogo, kijiraba chake cheupe kinageuka waridi iliyokolea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Hapo unaacha kukitazama kisima, unatoka kutembea mtaani: choo cha shimo cha jirani kiko wapi, mteremko unaelekea wapi, mchanga una kina gani. Shimo linatumika kila siku, kwa hiyo kisima hakitapona hata ukikisafisha kila mwezi.

Kuchemsha nako hakusaidii. Fallout 4, ya 2015, inakuruhusu kupeleka maji machafu kwenye jiko la kupikia yakatoka safi, na mionzi imekwisha. Jikoni kwako, moto unaua vijidudu basi. Naitreti, chumvi na vitu vyenye mionzi hubaki sufuriani huku maji yakipungua, kwa hiyo unakunywa vilivyokolea zaidi.

Mojave haina bahari, na hapo Dar tunaachana nayo. Ufukweni, chini ya ardhi, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji baridi chini yake. Ukivuta kwa pupa hadi ile mita ikabaki nusu, unapoteza mita 20 upande wa chini, na chumvi inapanda. Mtu anaweka pampu kubwa ili apate maji mengi, kumbe anaikaribisha bahari ndani. Vault 34 yake ameijenga mwenyewe na kuilipia umeme.

Misheni nyingine ya mashamba hayohayo inahusu maji kupungua. Mtu wa Westside, mtaa wa walalahoi, ameyachepusha kisiri kulisha ushirika wao, na askari aliyekuwa akifuatilia ameuawa. Unachagua umfichue au unyamaze. Kimaadili wameiandika vizuri. Kihandisi wameruka jambo. Ukichepusha maji njiani, shamba la kwanza kwenye bomba halihisi lolote, la mwisho linakauka kabisa, na la kilimani linatangulia. Muulize mtu wa Kimara au Goba, kule kwenye vilima vya Dar. Na bomba likikaa tupu bila presha, kila ufa wake unaanza kunyonya maji yaliyolizunguka ardhini, ya mtaro yakiwemo, ambayo ndiyo yanayotangulia kutoka siku huduma ikirudi. Hilo kwenye gemu halimo.

Ukiamua kuingia Vault 34, beba dawa za mionzi za kutosha. Mle ndani watu wamekwama, na huwezi kuwaokoa wao na mashamba kwa pamoja. Mimi nilifunga kinu.