Nguvu ya kizingiti: wati ambazo mwendesha baiskeli anaweza kuzibeba saa nzima

Nguvu ya kizingiti ni wastani wa juu kabisa wa wati unaoweza kuushikilia kwa takribani saa moja. Ukiwa chini yake, lakteti, kemikali inayozalishwa misulini unapokaza, huondolewa kwa kasi ileile. Ukivuka, hata kwa wati 15 tu, mizani inavurugika: pumzi zinakuwa fupi, mapaja yanawaka, zinabaki dakika za kuhesabu.

Kujipima saa nzima ni adhabu, kwa hiyo wengi hutumia dakika 20. Pasha mwili dakika 20, kanyaga kwa nguvu zote dakika 5, tulia dakika 10, kisha toa dakika 20 za kweli. Wastani wake uzidishe kwa 0.95. Ukipata wati 260, kizingiti chako ni 247. Kwa mtu wa kilo 64 hiyo ni karibu wati 3.9 kwa kilo.

Zile dakika 5 za mwanzo ndizo watu huziruka, na hapo ndipo namba inapoharibika. Mwili una akiba ndogo ya nguvu isiyohitaji oksijeni, na kazi ya dakika hizo ni kuimaliza. Usipoimaliza, inaingia kwenye jaribio na kukupa wati usizokuwa nazo. Utaligundua hilo wiki inayofuata: unapanga vipande viwili vya mazoezi vya dakika 20 kwenye kizingiti hicho, cha kwanza kinakufia dakika ya 12. Kosa jingine ni kuondoka kwa pupa. Dakika 3 za kwanza jizuie. Na kipima nguvu, kifaa cha baiskeli kinachosoma wati, kirudishwe kwenye sifuri baada ya baiskeli kukaa nje robo saa, maana joto na baridi huyumbisha vipimo vyake.

Kuipandisha nguvu ya kizingiti hakuhitaji ujanja mwingi. Msingi ni safari ndefu za taratibu, asilimia 60 hadi 70 ya kizingiti, mwendo ambao bado unaweza kupiga soga. Juu yake weka siku mbili ngumu kwa wiki, zikitenganishwa na saa 48: vipande 3 vya dakika 10 kwa asilimia 95 hadi 100, mapumziko dakika 5. Ongeza muda kabla ya wati: vipande 3 vya dakika 15, halafu 2 vya dakika 20. Mwenye saa chache afanye vipande virefu zaidi kwa asilimia 88 hadi 94, yaani wati 217 hadi 232 kwa yule wa 247. Mapigo ya moyo yakipanda huku wati zikishuka, funga kazi siku hiyo.

Kula pia: mazoezi yakizidi dakika 90, gramu 60 za wanga kwa saa. Njaa hujifanya udhaifu wa miguu.

Na usihamishe namba. Kizingiti ulichokipima Mombasa hakitakufaa Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu. Jipime unapofanyia mazoezi, na urudie baada ya wiki 6 hadi 8 kwenye mlima uleule.