Muda wa huduma: kwa nini simu hukosa njia Lamu ikijaa watu

Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wanapoujaza mji wa Lamu, mtu hupiga simu akaambiwa laini zote zinatumika. Mnara ni ule ule wa jana. Ili kujua kilichobadilika, wahandisi hutazama muda wa huduma, yaani muda ambao simu moja hushikilia njia ya mawasiliano tangu iipate hadi iiachie.

Tuseme mnara una njia 7 za sauti. Simu zikija 60 kwa saa, kila moja ikichukua wastani wa dakika 2, ni dakika 120 za maongezi ndani ya saa moja: kwa wastani njia 2 zinashughulika wakati wowote. Mzigo huo huitwa erlangi 2, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen na kutoa fomula yake ya kukadiria simu zitakazokosa njia mwaka 1917. Ukiitumia, utaona simu kama 3 katika 1,000 zitakosa njia. Zikija 120, mzigo umekuwa maradufu tu, lakini watakaokosa ni kama 63 katika 1,000.

Wala si lazima wapigaji waongezeke. Wale wale 60 wakizungumza dakika 4, hesabu ni hiyo hiyo. Nasi watu wa pwani, kuulizana hali, watoto, wazee na mvua hula dakika nzima kabla ya neno lenyewe.

Modeli nyepesi ya urefu wa maongezi, iitwayo ya kieksponenti, husema maongezi mengi ni mafupi na machache ni marefu mno; asilimia 63 huisha kabla ya kufika wastani. Tena haina kumbukumbu: simu iliyokwisha kula dakika 10 hutarajiwa kuendelea dakika 2 zaidi, sawa na iliyoanza sasa hivi. Aliyemsikia mama akiongea na bintiye aliyeolewa mbali hatalikubali hilo, na vipimo halisi mara nyingi humuunga mkono. Bahati nzuri, fomula ya Erlang haijali maongezi mangapi ni mafupi na mangapi ni marefu. Hutaka wastani tu. Sharti lake ni simu zije kila moja kivyake. Waliokosa wakibonyeza tena na tena, sharti limevunjika.

Kisha simu ya mkononi husafiri na mwenyewe. Abiria wa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, aweza kuanzia maongezi kwenye mnara mmoja na kuyamalizia kwenye mwingine. Kwa mnara wa kwanza, huduma huisha kwa lile litakalotangulia: maneno kwisha au boti kutoka eneo lake. Tukishika modeli ile ile, maongezi yakiwa wastani wa dakika 2 na kukaa eneoni dakika 3, njia hushikiliwa wastani wa sekunde 72 tu. Mnara wa pili nao hupokea simu iliyo katikati ya maneno. Kwa hiyo baadhi ya mitandao huwawekea wanaohamia njia chache ambazo simu mpya haziruhusiwi kuzigusa, maana kukatwa katikati ya maneno kunaudhi kuliko kukosa laini tangu mwanzo.