Kuboresha gari la mbio si kubadilisha injini

Barazani Mji wa Kale, kahawa chungu ikizunguka, kila msimu wa Formula 1 ukifika katikati utasikia: "Timu ile inaleta injini mpya, sasa itapaa." Ni dhana ya miaka mingi, wala si ya kijinga. Kwetu gari likikosa mbio, fundi huanza kufungua boneti.

Lakini kuanzia 2022 hadi 2025 kanuni zilizuia injini kuongezewa nguvu katikati ya msimu. Kinacholetwa zaidi ni sakafu, mabawa na ubavu wa bodi, yaani vitu vya kuuchezea upepo. Ukipanda matatu ya Nyali, pale darajani toa kiganja dirishani (kondakta asikuone), kisha kiinamishe mbele kidogo. Mkono utasukumwa chini. Gari nalo hutaka lisukumwe hivyo, lishike lami kwenye kona.

Tazama timu ya McLaren mwaka 2023. Mbio mbili za kwanza haikuambulia pointi. Mwezi Julai, huko Austria, gari la dereva wao Lando Norris likapewa sehemu mpya akamaliza wa nne. Wiki iliyofuata, Silverstone kule Uingereza, wa pili. Injini ilikuwa ile ile ya Mercedes, waliyokuwa nayo timu ya Williams pia.

Lakini si kila sehemu mpya hufaulu: timu ya Haas nao walileta gari lililofumuliwa kule Austin, Marekani, mwaka huo huo, na bado wakafunga msimu wakiwa mkiani. Tangu 2021 matumizi ya kila timu yana kikomo, kwa hiyo sakafu isiyofanya kazi hula pesa ya sakafu inayofuata.