Pua iliyopinda, na hiyo "plastiki" mnayoiogopa

Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nikacheka, ila juzi kwenye grupu la familia mtu kaandika tena "asikubali huyo mtoto upasuaji wa plastiki, watamwekea plastiki puani, akikaa sana juani italainika" na akaungwa mkono na watu wanne wote wana vyeti vyao ukutani, nikaona hapana, hili tuelewane.

Anayesemwa ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikula kiwiko kwenye ndondo, damu ikatoka, akaweka barafu, kesho yake kavimba, uvimbe ulivyopungua ndo tukaona pua imehamia kushoto.

Pua iliyopinda ni nini, hapa sikai sana. Vuta mstari kutoka katikati ya nyusi ushuke mpaka katikati ya mdomo wa juu, pua isipokaa juu ya huo mstari imepinda, basi. Nyingine inalala upande mmoja yote, nyingine imejikunja kama C, nyingine inaenda kulia halafu inajirudi kama S. Sehemu ya juu, kama theluthi hivi, ni mfupa, huku chini ni gegedu, ile kitu ngumu inayopindika kama ya sikio, na ndani katikati kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili, kimojawapo kikienda upande kinavuta na wenzake. Wengi ni ajali na michezo na ngumi, wengine wamezaliwa nayo au pua ilibanwa wakati wa kuzaliwa, wengine ni mdomo wa sungura maana ule mpasuko unaivuta na pua, wengine walishafanyiwa upasuaji ukakaa vibaya. Alafu kuna watu huo ukuta wa ndani tu ndo umepinda, nje pua imenyooka kama rula, miaka yote anapumulia tundu moja na hajui kama ana tatizo. (Na huo ukuta uliopinda sio "nyama za pua", ila huo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Sasa plastiki.

Neno limetoka kwenye Kigiriki cha zamani, kitenzi chenye maana ya kufinyanga. Kufinyanga kabisa, ule udongo, lile gurudumu, ile mikono iliyochafuka. "Plastiki" kwa asili ni kitu kinachohusu kufinyanga au kinachofinyangika, na upasuaji wa plastiki ni upasuaji wa kufinyanga, daktari anachukua nyama na ngozi na gegedu na mfupa ulio nao wewe mwenyewe anavipa umbo. Hakuna mahali kwenye hilo jina pameandikwa ndoo.

Na hili ndo linaloniuma zaidi, kwamba neno la hospitali ndo mkubwa. Karl Ferdinand von Graefe, daktari wa Berlin, alichapisha kitabu chake cha kutengeneza pua mwaka 1818 akakiita Rhinoplastik, mwaka 1838 mwenzake Eduard Zeis akaandika kingine chenye jina la upasuaji wa plastiki wazi kabisa. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kiwandani yote kwa kemikali, bila kuanzia kwenye mmea wala mnyama, aliigundua Leo Baekeland mwaka 1907. Hesabu mwenyewe, karibu miaka tisini madaktari wanalitumia hilo neno bila Baekeland, na ile mali ya kiwandani ikapewa jina hilo hilo kwa sababu nayo ikipata moto unaifinyanga unavyotaka. Kwahiyo walioazima jina ni ndoo, majaba, na ile mifuko ya rambo tuliyoipiga marufuku 2019, sio hospitali.

Hiyo "rino" ya mbele nayo ni pua, Kigiriki hicho hicho, na wazungu wanavyomwita kifaru ni hiyo hiyo rino ikiongezwa pembe, yaani mwenye pembe puani. Na plasta! Plasta ya kidonda, na ile plasta ya ukutani wanayosema Kenya ambayo fundi wa huku kwetu anaiita lipu, yote imetokana na kitenzi kile kile cha kufinyanga, kupaka kitu kilaini kikashika umbo. Ukimaliza kunyooshwa pua unafungwa kitu kigumu kwa nje kama wiki moja, watu wanakiita plasta, kwahiyo kama ni lazima kabisa pawe na ndugu yake plastiki basi ni huyo, na anakaa nje, na anatolewa.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko majina yote hayo. India walikuwa wanatengeneza pua tangu enzi na enzi kwa sababu kukatwa pua ilikuwa adhabu, na mwaka 1794 gazeti moja la London likaeleza habari za Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza kule, aliyekatwa pua na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa huko aliyekuwa anapigana na Waingereza, akaja kutengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji lake la uso. Plastiki ilikuwa wapi hapo?

Sitadanganya kwamba hakuna kitu cha kiwandani kinachoingia puani. Kuna silikoni, ila hiyo mara nyingi ni ya kuinua mgongo wa pua iliyolala, na kuna fila, sindano ya kujaza upande uliobonyea ili jicho lione imenyooka, inaisha yenyewe baada ya miezi na mfupa unabaki pale pale umepinda, alafu sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu mtu anaweza kupofuka kwahiyo usichomwe saluni. Kunyoosha pua kwenyewe ni kukata mfupa na kuupanga upya, kunyoosha ukuta wa kati, na pakihitajika kiraka wanachukua gegedu la huo huo ukuta, au la sikio, au la ubavu. Mali yako mwenyewe. Wakigusa ukuta wa ndani tu ni kwa ajili ya kupumua, sura ya nje kwa kawaida haibadiliki, watu wengi wanatoka hapo wamekasirika kumbe hawakuuliza mwanzoni.

Na kwa nini najisumbua na neno moja? Kwa sababu pua ya kuvunjika ina siku zake. Mtu mzima, ndani ya wiki moja mpaka mbili hivi, daktari anaweza kuurudisha mfupa kwa kuusukuma tu, ganzi au usingizi, bila kukata kitu, na mtoto anawahiwa zaidi maana mifupa yake inaunga haraka. Hiyo wala sio upasuaji wa plastiki! Sisi zile siku tulizimaliza kwenye grupu tunajadili plastiki inayeyuka nyuzi ngapi. Dogo amefika kwa daktari wa pua na masikio siku ya kumi na nane, mfupa umeshaanza kushika, kaambiwa asubiri miezi ndo aje kufanyiwa ile kubwa. Bora hata hakuwa na damu iliyovilia ndani kwenye ule ukuta wa kati, maana hiyo haingoji vikao, inavimba laini, pua inaziba, na isipotolewa haraka gegedu linakufa na pua inadidimia. Na ukiona maji yasiyo na rangi yanachuruzika puani baada ya kuumia kichwa nenda siku hiyo hiyo.

Jana nimemweleza shangazi yote haya, polepole, na mfano wa chungu. Kaelewa, sasa anawaambia watu kwenye simu "mwanangu anaenda kufinyangwa pua" na mimi nafurahi. Kitu kimoja tu bado namrekebisha, shangazi, lile gegedu watalichukua humo humo ndani ya pua yake, sio la ng'ombe.