Je, Wajua Kwa Nini Sauti Yako Iliyorekodiwa Husikika Kama ya Mtu Mwingine?

Karibu kila anayetamani kuwa mwigizaji wa sauti, yaani mtu wa kusoma matangazo, kusimulia vitabu au kuwasemea wahusika wa katuni, hupatwa na mshtuko uleule siku ya kwanza: hujirekodi, hujisikiliza, kisha hujiuliza ni nani huyu mwenye sauti nyembamba namna hii. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani hawana kipaji, ilhali kosa si la koo wala la kipaza sauti.

Unapozungumza, sauti yako hukufikia kwa njia mbili. Ya kwanza hupita hewani, kutoka mdomoni hadi kwenye tundu la sikio, na ndiyo wanayoisikia wengine. Ya pili hupita ndani ya kichwa, mtetemo ukisafiri kwenye mifupa ya fuvu hadi sikio la ndani, na njia hii huyapa nguvu zaidi mawimbi ya chini, yale yanayoifanya sauti iwe nzito. Kipaza sauti hakina fuvu. Hunasa ile ya hewani peke yake, kwa hiyo besi uliyoizoea tangu utotoni hutoweka. Mwaka 1966, wanasaikolojia Philip Holzman na Clyde Rousey walieleza kwamba kinachomkera mtu si upungufu huo tu, bali pia mambo ambayo sauti huyafichua bila mwenyewe kukusudia, kama vile wasiwasi.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, zoezi la mwanzo lenye faida kuliko yote ni kujirekodi ukisoma ukurasa mmoja, kisha kuusikiliza kesho yake. Ukisikiliza papo hapo bado unakumbuka ulichokusudia kusema, na masikio yatakusikilizisha hicho badala ya ulichokisema. Kesho yake ndipo utakapogundua kwamba unameza silabi za mwisho wa sentensi, kwamba “dhahabu” yako ni “zahabu”, au kwamba unavuta pumzi kwenye kila mkato kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Herufi p nayo ina vituko vyake: weka kiganja mbele ya mdomo, sema “pilipili”, na utauhisi upepo ambao kwenye rekodi hugeuka mshindo. Dawa yake ni kukisogeza kipaza sauti pembeni kidogo ya mdomo, umbali wa shubiri moja hivi.

Wanaoanza hupenda kutumia fedha zao zote kwenye kipaza sauti na kukisahau chumba. Katika chumba kitupu chenye kuta ngumu, kifaa cha ghali hunasa mwangwi kwa ufasaha zaidi tu, ilhali kabati lililojaa nguo huufyonza bila gharama yoyote. ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza la kampuni ya Audible, hutaka kelele ya chinichini isizidi desibeli -60, na friji inayonguruma chumba cha pili yaweza kukukosesha kiwango hicho.

Baada ya hapo huja demo, rekodi fupi ya kujitambulisha kwa watoa kazi, ambayo kwa kawaida huwa ya sekunde 60 hadi 90. Usomaji wako bora utangulie, kwa maana anayechagua sauti hana subira ya kuungojea mwishoni. Matangazo na masimulizi yawe na demo tofauti, kwani anayetafuta msimulizi wa riwaya hana haja ya kukusikia ukinadi sabuni.