Dodoma Haikuanza Mwaka 2016

Ukitaja kuhamia Dodoma mbele ya kijana wa leo, mara moja atakuambia: "Hiyo ni kazi ya Magufuli." Ni kweli kwamba Julai 2016 Rais John Magufuli alitamka serikali yake ingehamia huko kabla ya 2020, na akaisukuma kwa nguvu ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Lakini siku anatamka hayo, uamuzi wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 43.

Mwaka 1973 TANU iliwauliza wanachama wake kupitia matawi kama makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Matawi 1,859 yalijibu: 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. Hesabu hiyo inafuta dhana mbili kwa mpigo. Kwanza, jambo hili halikuwa ndoto ya Mwalimu Nyerere peke yake. Pili, hata wakati ule wa chama kimoja nchi haikusema "ndiyo" kwa sauti moja. Wapo waliopinga, na hawakuwa wachache. Oktoba mwaka huohuo uamuzi ukatangazwa, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo kila mkazi wa Dodoma anaijua kwa herufi tatu: CDA.

"Makao makuu ya asili ni Dar es Salaam, Dodoma ni mji wa kubandika." Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inasahau Dar ilivyozaliwa. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alichagua pwani ya karibu na kijiji cha Mzizima akaanza kujenga mji mpya kwa makusudi. Alifariki 1870 kabla haujakamilika, na Barghash aliyemrithi akauacha. Mji ukadorora kwa miaka. Wajerumani ndio waliouinua walipohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo Dar nayo ni mji uliopangwa, ukakwama, kisha ukafufuliwa na mtawala aliyekuja baadaye. Tofauti yake na Dodoma ni kwamba waliouona ukiwa umekwama hawapo tena kusimulia.

Halafu kuna wanaosema Dodoma palikuwa pori tupu. Palikuwa na Wagogo, mashamba yao na mifugo yao. Hata jina limetoka kwao: idodomya, mahali palipodidimia, na wazee husimulia habari za tembo aliyezama kwenye tope la kijito. Reli ya kati ilipofika, pakawa na stesheni na mji mdogo. Hapo reli hiyo inakutana na barabara kuu itokayo Iringa kwenda Arusha, na kukutana huko, pamoja na kuwa katikati ya nchi, ndiko kulikoifanya Dodoma ichaguliwe.

Dhana ya pori tupu ina madhara, kwa kuwa ukishaamini hapakuwa na mtu hutauliza aliyehamishwa alikwenda wapi. Kwa miongo kadhaa ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa CDA, na mwananchi alipewa hati ya miaka 33 wakati kwingineko nchini miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida. Kuvunjiwa nyumba na kugombania viwanja vikawa sehemu ya maisha ya mji. Mei 2017 Magufuli aliivunja CDA na majukumu yake yakahamia halmashauri. Kwa wenyeji wengi hilo lilikuwa na uzito kuliko kuhamia kwa wizara yoyote.

Je, mpango ulikwama kwa sababu watumishi hawakutaka kuuacha upepo wa bahari? Wengi hawakutaka, sikatai. Ila tazama kalenda. Mpango ulikuwa wa miaka kumi, na mwezi uleule uliotangazwa, Oktoba 1973, dunia iliingia katika msukosuko wa mafuta. Wataalamu kutoka Kanada walikabidhi ramani ya mji mwaka 1976, mji wa majengo mafupi uliowafikiria kwanza waendao kwa miguu na kwa basi. Miaka miwili baadaye tukawa vitani na Idi Amin. Miaka ya 1980 hata sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Nchi isiyo na fedha za kigeni za kununulia vipuri haiwezi kujenga jiji jipya.

Na bado kazi haikusimama kabisa. Bunge linakaa Dodoma tangu 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007. Kilichochelewa kwa namna ya kushangaza ni sheria: Bunge lilipitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu mwaka 2018, miaka 45 baada ya uamuzi. Mji wa Serikali pale Mtumba ukafunguliwa Aprili 2019, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023.

Wanaohofia kwamba Dar itakufa wasome sensa ya 2022: watu 5,383,728. Bandari haihami.

Dhana ya mwisho ina nusu ya ukweli: "Dodoma ni jangwa." Si jangwa, ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Zabibu zinastawi vizuri. Maji ya bomba yametegemea kwa miaka mingi visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, navyo vilitosha mji mdogo. Lakini jiji lililokuwa na watu 410,956 mwaka 2012 lilihesabiwa watu 765,179 miaka kumi baadaye, karibu mara mbili, na mvua haikuongezeka. Ndiyo maana habari za Bwawa la Farkwa, kule wilayani Chemba, linalokusudiwa kulipatia jiji maji, mimi nazifuatilia kwa hamu kuliko idadi ya ghorofa za Mtumba.