Mboga Haimharishi Mtoto: Majibu ya Muuguzi wa Kliniki

Mtoto aanze lini kula mboga na matunda?
Akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya. Usisubiri meno.

Lakini mboga si zitamharisha?
Hapana, mama. Kinachoharisha ni uchafu: mikono isiyonawa kwa sabuni, maji yasiyochemshwa, mboga iliyolala. Choo cha kijani au chenye chembe za karoti si kuharisha. Kuharisha ni choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Hapo mpe maji ya ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini), endelea kumnyonyesha na kumlisha, umlete. Naletewa watoto macho yameingia ndani, nyumbani wamekaa siku nne wakiambiwa "ni meno", na mboga ndiyo imesingiziwa. Akilegea, akishindwa kunyonya au choo kikiwa na damu, mlete saa hiyo hiyo.

Uji wa lishe hautoshi?
Hautoshi. Saga nafaka tano pamoja, humo bado hamna mchicha. Juisi ya pakiti nayo si tunda.

Nimwandalieje?
Osha mchicha kabla ya kukata, upike dakika chache tu, uponde, uchanganye na ugali laini na mafuta kidogo, maana vitamini A inahitaji mafuta. Magadi weka pembeni, yanaua vitamini C. Papai, embe na parachichi ponda kwa kijiko.

Anatema.
Mpe tena kesho, na keshokutwa. Wengine hukubali baada ya mara kumi. Usimkabe. Na baba asisukume mchicha pembeni ya sahani mtoto akimtazama.

Sisi hatuna uwezo.
Ilula, mkoani Iringa, nyanya zinarundikwa kando ya barabara, lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa. Sababu ni nyingi. Ila hii ya kuuza mboga zote na kumwachia mtoto uji mtupu naiona kila wiki, na inaniuma. Bakiza fungu moja la mtoto. Matembele yanaota hata nyuma ya bafu.

Mama mkwe amekataza mboga mpaka atembee.
Njoo naye kliniki. Nitamwamkia, tutampima mjukuu wake pamoja, nitamwonyesha mstari wa uzito kwenye kadi. Kisha nitamjibu kama nilivyokujibu wewe: mboga haiharishi, bibi. Uchafu ndio unaoharisha.